Mwaka Tulipohesabu Kutua kwa Ndege

Nilifundisha hesabu miaka tisa katika shule moja ya Muhumba, mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani kwetu, na ningezeekea pale kama shangazi yangu asingeniletea habari ya tangazo lililobandikwa karibu na posta. Kampuni moja ya ndege ilikuwa inatafuta mtu wa ofisi ya ufundi, ajuaye Kifaransa na Kiingereza cha kusoma, na asiyechoka na tarakimu. Shangazi alisema, "Tarakimu ndiyo chakula chako. Nenda." Nilienda, nikapita mtihani, na juma lililofuata nikaanza kupanda minibisi ya wafanyakazi kila asubuhi, kupita Mudaka na Miti, hadi uwanja wa ndege wa Kavumu.

Kazi yangu ilikuwa makaratasi. Kila ndege ina vitabu vyake vya matengenezo, na vitabu hivyo havikai vilevile. Waliounda ndege, huko ng'ambo, hujifunza kila siku kutokana na ndege zote walizouza duniani, na wakigundua jambo hutuma kurasa mpya. Za zamani zinatoka, mpya zinaingia. Mimi ndiye niliyeziingiza katika mpango wetu, kisha nikawaandikia mafundi kadi za kazi: fungueni hapa, angalieni pale, rudieni baada ya muda huu. Mafundi wote walikuwa wanaume. Waliniita Maman wa Makaratasi, na mwanzoni haikuwa sifa.

Aliyekuwa wa kwanza kuniheshimu ni fundi mkuu, mtu wa miaka sitini hivi, tuliyemwita Papa sote. Alikuwa amejifunza ufundi kwenye ndege za mizigo za kwenda Shabunda, ambako barabara ni matope na uwanja ni udongo mtupu, na ndege isipofika, chumvi haifiki. Hakupenda komputa hata kidogo. Lakini kila kadi niliyoandika aliisoma mara mbili, na mahali asipoelewa alikuja mlangoni kwangu kuuliza, kofia mkononi.

Tulikuwa na jeti moja tu, ndogo, ya safari za karibu. Asubuhi ilitoka Kavumu ikatua Goma, ikaenda Kindu, ikaenda Kisangani, na alasiri ikarudi kwa njia ileile. Watu waliipenda. Wafanyabiashara waliiombea dua, na wanafunzi waliokwenda masomoni walipiga picha kwenye ngazi yake.

Siku moja zikafika kurasa mpya. Nyingi zilikuwa mambo madogo, lakini moja ilinisimamisha. Ilihusu chuma kinachoshika mguu mkuu wa ndege ubavuni, ule unaobeba uzito wote wakati wa kugusa ardhi. Zamani chuma hicho kilikaguliwa kwa kufuata saa za kuruka. Sasa watengenezaji walisema: acheni saa, hesabuni kutua. Katika nchi nyingine, ndege za safari fupifupi zilikuwa zimeonekana na nyufa mahali hapo, ingawa saa zao hewani zilikuwa chache. Ndege iliyopita kikomo kipya isiruke tena kabla ya kukaguliwa.

Nilisoma ukurasa ule mara mbili. Kutoka Kavumu hadi Goma, ndege ikishaacha ardhi, hata soda humalizi. Jeti yetu ilikuwa ndege ya kutua, si ndege ya kuruka. Na aliyenitangulia katika ofisi ile alikuwa ameandika makadirio ya kivivu: saa moja, kutua mara moja.

Nikaanza kuhesabu. Nilitoa vitabu vyote vya safari, nikavipanga mezani kwa miaka, nikapita mstari kwa mstari na kalamu ya risasi. Siku ya nne nikafika kwenye shimo. Kitabu kimoja kilikuwa kimelowa zamani, wakati dari ya ofisi ilipovuja msimu wa mvua. Wino ulikuwa umekuwa mawingu ya bluu. Miezi kumi na mmoja ya safari haikusomeka.

Papa akaja akakiangalia. "Kuna mutu mumoja," akasema. "Ule muzee aliyekuwa anaongoza ndege na vibao vyekundu, akiwa anasimama pale mbele. Alikuwa anaandika. Kila siku anaandika. Sisi tulikuwa tunamucheka."

"Iko wapi sasa?"

"Alipumzika kazi. Iko ku Mumosho, kwa shamba yake."

Jumamosi nilipanda pikipiki kwenda Mumosho. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na mara mbili dereva aliniomba nishuke nitembee. Nilimkuta muzee uani akipukuchua maharagwe, bado mrefu, bado amenyoosha mgongo kana kwamba ndege inamtazama. Mama yangu ni Mushi, wa kabila la huko, kwa hiyo nilimsalimu kwa lugha yao kama alivyonifundisha.

"Asinge, muzee."

"Asinge, mwana wangu. Karibu. Unatoka ku Kavumu?"

"Ndiyo, muzee. Natafuta kutua kwa ndege yetu."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Iko mingi sana hiyo! Unataka ya mwaka gani?"

Akaingia ndani, akatoka na sanduku la bati. Ndani mlikuwa na madaftari ya shule, yamefungwa kwa kamba za migomba, kila moja na tarehe zake juu. Kila ndege iliyosimama mbele ya vibao vyake aliiandika: saa iliyofika, ilipotoka, ilipopita. Kama rubani alibadilisha njia, aliandika. Kama ndege ilirudi Goma kwa sababu ya ukungu, aliandika na hilo pia.

Nilimuuliza ni nani aliyemwagiza kazi hiyo.

"Hakuna mutu," akasema. "Miye nilisema, ndege ikifika na batu wote wazima, siyo kitu ya bure. Lazima mutu mumoja aandike."

Mke wake alituletea bugali na sombe ya majani ya muhogo. Nilikula kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukifungua kurasa. Baba yangu alikuwa wa Uvira, wa ukoo wa wafanyabiashara waliokuja toka pwani na vitambaa, na alizoea kusema kwamba mwandiko mzuri ni nusu ya uaminifu. Mwandiko wa muzee yule ulisomeka kama chapa. Niliondoka na madaftari matatu yaliyofungwa kwa kitambaa changu cha kichwa, nimeyakumbatia kifuani njia nzima.

Jumapili sikutoka nyumbani. Nilijumlisha kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, kama nilivyowafundisha wanafunzi wangu. Majibu mawili yalilingana. Jeti yetu ilikuwa imepita kikomo kipya kwa kutua mara mia tatu na kumi na mbili.

Jumatatu asubuhi nilikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi. Alikuwa mtu mpole siku za kawaida, lakini siku hiyo abiria walikuwa tayari wamepima mizigo, na kupitia dirisha lake niliona jeti ikitiwa mafuta.

Alisoma karatasi yangu akaiweka chini. "Maman, hiyo ndege ilitua hapa Ijumaa bila shida."

"Ndiyo, Directeur. Ile ilikuwa ya trois cent douze, mia tatu na kumi na mbili kupita kikomo."

"Na hesabu hii inatoka kwa madaftari ya muzee wa shamba?"

"Inatoka kwa vitabu vya kampuni. Madaftari yamejaza mahali tulipoacha mvua iingie."

Akasimama. "Tazama nje. Kuna mugonjwa anaenda kwa daktari Kisangani. Kuna bibi arusi. Miye niwaambie batu nini? Kwamba Maman wa Makaratasi amekataa?"

Sijui nguvu ilitoka wapi. Nilimwambia, "Waambie hivyo. Jina langu utumie."

Mlango ukafunguliwa kabla hajajibu. Alikuwa Papa, anajifuta mikono kwa kitambaa. Alikuwa amesikia yote, maana mlango ule haukuzuia sauti. Akasema polepole, "Directeur, ndege hairuke bila sahihi yangu. Na sahihi yangu haiko bila karatasi ya huyu maman."

Mkurugenzi alitutazama kwa zamu, mmoja baada ya mwingine. Kisha akachukua simu akaagiza abiria wahamishiwe ndege ya kampuni nyingine. Akatugeukia. "Siku mbili. Kama hamukuona kitu, ninyi wawili mutaelezea wakubwa wa kampuni Kinshasa."

Tukaanza asubuhi ileile. Mafundi walifungua vifuniko, wakasafisha chuma, wakaondoa rangi. Kwa nyufa ndogo tunatumia njia rahisi ya kupendeza: unapaka maji mekundu juu ya chuma, unangoja yaingie, unafuta yote, kisha unapuliza unga mweupe. Kama chuma ni kizima, unga unabaki mweupe. Kama kuna ufa, maji mekundu yaliyojificha ndani yanarudi juu na kuchora mstari.

Miguu yote miwili tuliifanya, uso wa nje, kama kadi ilivyotaka. Unga ukabaki mweupe kama sukari. Siku ya pili saa sita mchana kadi ilikuwa imekwisha, na hatukuwa na kitu. Niliona mafundi wawili wakitazamana. Nikaanza kupanga kichwani maneno ya kuwaambia watu wa Kinshasa.

Papa hakuinuka. Alikuwa bado amechuchumaa chini ya bawa, mkono ndani ya ndege hadi bega, macho amefumba.

"Maman," akaita. "Hii karatasi yako inasema uso wa nje tu?"

"Uso wa nje tu, Papa."

"Ndege ikigusa chini, uzito unasukuma wapi?"

Nilichora mchoro mdogo nyuma ya kadi, mishale miwili, kama ubaoni shuleni. Mshale mmoja ulikwenda nje. Mwingine, mkubwa zaidi, ulikwenda ndani, upande ambao hakuna jicho lingeufikia bila kutoa kipande kizima.

"Njo vile," akakubali Papa. "Tutoe."

Kutoa kipande cha mguu wa kushoto, pale alipochuchumaa Papa, kulichukua mchana wote. Saa kumi kilikuwa mezani, kizito, kimepakwa maji mekundu, kimefutwa, kimepulizwa unga. Sote tulizunguka meza. Dakika za kwanza hazikuonyesha kitu. Kisha, kwenye uso wake wa ndani, ukatokea uzi mwekundu, mwembamba kama kope, ukakua mbele ya macho yetu hadi urefu wa kidole.

Halafu mafundi wakalipuka. Mmoja alinishika mabega akanitikisa, mwingine akapiga meza kwa spana, wakaanza kupiga kelele "Maman! Maman!" mpaka askari wa lango wakaja kuona nani amekufa. Hakuna aliyekufa. Hilo ndilo tulilokuwa tunashangilia.

Mkurugenzi alikuja mbio. Alivua miwani akainama juu ya chuma kile kwa muda mrefu. Aliponyooka, alivaa miwani tena. Alinipa mkono mbele ya watu wote, kisha akampa Papa, kisha akaenda mwenyewe hadi ukumbi wa abiria kuwaambia waliokuwa wakisubiri kwamba ndege haitaruka siku hiyo wala zilizofuata, na kwa sababu gani. Nilimfuata. Walilalamika, kama watu wanavyolalamika, mpaka mama mmoja mwenye mafurushi ya vitenge akasema kwa sauti, "Heri nichelewe soko kuliko niwahi mazishi yangu." Ukumbi ukacheka, na kelele zikapungua.

Wakati tukisubiri kipande kipya, tulitoa na kile cha mguu wa kulia, tukakikuta kizima, na mimi na Papa tuliandika ripoti kwa watengenezaji. Yeye alisema, mimi niliandika: ufa ulikuwa wapi, ulielekea wapi, na kwamba mtu akifuata kadi peke yake hatauona. Nilitia picha na mchoro wangu wa mishale. Pia nilibadilisha utaratibu wetu wote. Tangu siku hiyo rubani alitia sahihi kwa kila kutua, mahali popote, na kila Ijumaa nilijumlisha mwenyewe na kubandika jumla mlangoni ambako kila fundi aliiona.

Kipande kipya kilifika. Jeti iliruka tena asubuhi ya anga safi, na mimi nilikaa kiti cha dirishani juu ya bawa, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Ilipogusa ardhi Goma nilisikia mguu ukipokea uzito, nikacheka peke yangu hadi jirani yangu akaniuliza kama niko mzima.

Miezi ikapita. Kisha zikaja kurasa mpya nyingine, na nikazifungua kama kawaida, nikatafuta ukurasa wa chuma kile. Ulikuwa umebadilika. Sasa ulisema: kipande kitolewe, na uso wa ndani ukaguliwe pia. Chini yake kulikuwa na mchoro wenye mishale miwili. Ndege zote za aina yetu, katika kila nchi, zilipaswa kufuata.

Nilikimbia hadi karakana. Papa aliniomba nimsomee kwa Kiingereza kwanza, ingawa hakukielewa, kisha kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili.

Mkaguzi wa serikali alipokuja kuidhinisha mpango wetu mpya, alipitisha kidole ukurasa kwa ukurasa hadi akafika pale. "Hii ni ngumu," akasema. "Kutoa kipande kizima? Inatoka wapi, hii kanuni?"

"Inatoka hapa," nikamwambia.

"Hapa wapi?"

"Hapa Kavumu." Nikamfungulia mlango, nikamtangulia kwenda karakana. Papa alikuwa chini ya bawa, mikono imejaa grisi, akataka kuificha nyuma. Mkaguzi alimvuta mkono akaupokea kwa mikono yake yote miwili.