Ubao wa Bi Bahiya

Bi Bahiya wa Mlandege alikuwa mshona kofia, na mumewe Zahor alikuwa fundi rangi. Zahor alipofariki, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, alimwachia binti mmoja, Thuwaiba, na makopo yenye rangi kidogo kidogo chini. Wajane wengine wangeyatupa. Bi Bahiya alipotoka eda alitwaa mlango mkuukuu, akaulaza ukumbini, akaanza kuumiminia rangi.

Juu ya rangi alibandika vipande vya kanga, makonyo ya karafuu, na vigae vya sahani nyeupe iliyovunjika. Katika ubao huo hamkuwa na picha ya mtu wala mnazi. Aliusimamisha ukutani, na kila aliyeuliza maana yake alijibiwa kwa kicheko.

Mtaa wetu haupendi kutojua. Mmoja aliona mvua ya masika, mwengine akaona ramani. Jirani yetu Mashavu, ambaye nampenda lakini ulimi wake haupumziki, aliona michirizi ya manjano kwenye vile vigae, akakata shauri kuwa ni kombe. Kwetu mgonjwa huandikiwa aya kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, maandishi yakaoshwa kwa maji, akayanywa apoe. Sahani ya kombe kuivunja na kuibandika ukutani si dawa tena, ni uchawi. Na Mashavu alijua nani amerogwa: Usi, kijana wa Mbweni aliyemposa Thuwaiba.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Likafika Mbweni. Mama yake Usi, Bi Mwatima, akatuma neno kwamba harusi isimame mpaka aje mwenyewe. Thuwaiba akashindwa kula. Bi Bahiya alitaka kuuchoma ubao, nikamzuia mimi jirani yake, maana Mashavu angeusoma hata moshi.

Bi Mwatima alikuja baada ya alasiri. Hakukaa, hakutaka kahawa. Aliutazama ubao, kisha akaomba maji. Nilidhani ana kiu. Alichovya ncha ya ushungi wake mweupe ndani ya bakuli, akasugua kigae kimoja, akasugua cha pili, kwa nguvu za mtu anayekosha sufuria. Halafu akaipeleka ile ncha dirishani penye mwanga. Ilikuwa nyeupe vile vile.

"Zafarani hutoka kwa maji," alisema. "Hii rangi ya mlango."

Thuwaiba aliangua kilio, na hakikuwa cha huzuni. Mamake alijikuta amekaa chini, anamshukuru Mungu. Mimi nilikuwa nacheka peke yangu.

Bi Mwatima bado anautazama ubao.

"Sasa nambie kweli, Bi Bahiya. Maana yake nini?"

"Wallahi sijui. Ni rangi alizoziacha marehemu. Sikutaka zikauke bure."

Bi Mwatima, naye mjane, alikuja akakaa mkekani, karibu na mwenziwe.

"Nguo za marehemu wangu nlizitoa sadaka zote," alisema. "Kanzu moja ilinishinda. Imo sandukuni mpaka leo. Nkikuletea, utantilia kipande hapo ubaoni?"

Bi Bahiya alimshika mkono, akaniambia nilete kahawa.