Gunia la Pumba Chini ya Santuri

Jumapili ile naikumbuka, mwanangu, kila nikisikia harufu ya makapi ya ngano. Uliponiambia wavulana wa Katesh wanakucheka kwa kuwa wewe msichana unataka kuwa dijei, nikasema huyu lazima asikie habari ya lile gunia.

Mimi shule niliishia darasa la tatu, ng'ombe wa baba hawakuwa na mchungaji mwingine. Nilipokua nikatoka kijijini kwetu Daudi, nikashuka Hanang kwenye shamba la ngano la serikali, enzi zile kombaini za kuvunia zinatembea uwandani kama nyumba zimeng'oka. Nikapata kazi ya kuosha glasi katika klabu ya wafanyakazi. Baridi ya maji yale! Vidole hivi havijanyooka mpaka leo. Lakini mimi nilifuata santuri. Klabu ikiwa tupu, Mama Paskalina, mkubwa wetu wa kaunta, alinifungulia mashine kwa siri, nikajifunza kushusha sindano bila kukwaruza. Sikubahatisha. Nilijua.

Dijei alikuwa Benja, kijana wa Moshi, suruali pana chini, mzuri hasa, hilo sitamnyima. Siku ya kumaliza mavuno, ndiyo Jumapili ile, klabu ikafunguliwa mchana kwa watu wote, vijana wakaja mpaka kutoka Masakta. Sasa wewe unajua watu wa kwetu wakifurahi: wanaruka. Wakaruka kwa pamoja, sakafu ya mbao ikaruka nao, sindano nayo ikaruka, wimbo ukakatika.

Benja akashika maiki. "Hakuna kuruka! Huu ni ukumbi, siyo zizi!"

Watu wakanuna, wakaanza kutoka. Naye akachukua koti lake. "Haya, chezesheni wenyewe."

Nikavua aproni, nikapanda jukwaani.

"Mama glasi!" akacheka Benja. "Sindano ya mwanamke ni ya kushonea!"

Ukumbi mzima ukacheka, na meneja wa klabu pale mbele akacheka kuliko wote. Huyo ndiye aliyekuwa amekataza mwanamke kugusa mashine. Nikiharibu, basi tena, mimi na wanawake wote watakaonifuata.

Nikashusha sindano. Wakaruka, ikaruka. "Rudi kwenye glasi!" watu wakapiga kelele. Mguu wangu mmoja ulishafika kwenye ngazi.

"Theresia!" Mama Paskalina aliita kutoka kaunta, akapiga meza. "Ukishuka hapo usiniombe tena ufunguo. Fikiri kwanza, kulia utalia nyumbani."

Nikasimama. Glasi, wanasema. Ndipo nikakumbuka glasi zangu zilivyokuwa zinaletwa: tela la trekta, barabara mashimo matupu, na hazivunjiki, kwa sababu zimekalishwa juu ya gunia la pumba. Nikakimbia stoo. Gunia nikaliburuta mwenyewe, hakuna aliyenisaidia, nikalilaza mezani, nikaweka ubao, juu yake mashine.

"Sasa rukeni," nikasema kwenye maiki.

Wakaruka, mwanangu! Vumbi likapanda mpaka darini, na wimbo ukaenda mpaka mwisho. Wa pili nao. Waliotoka wakarudi. Meneja mwenyewe, na kitambi kile, akaruka.

Jumapili iliyofuata Benja akanijia pale nilipokuwa nikioshea glasi. "Dada Theresia, gunia liko wapi?"

"Gunia linakuja na mwenyewe," nikamjibu.

Tangu siku hiyo tukapokezana, yeye Jumapili yake, mimi yangu. Asante hakuwahi kusema. Nami sikuihitaji, nilikuwa na zamu.

Basi wewe nenda Katesh. Kazi ijue kabla hujaitwa, maana ukiitwa hakuna atakayekungojea ujifunze. Wakikucheka, wewe tazama miguu ya wanaocheza, hao ndio waliokuja kwa ajili yako. Usiwakataze kuruka, tafuta gunia. Na likiharibika jambo, usishuke. Tengeneza ukiwa juu hapohapo, wote wakikuangalia.

Njoo nikushike kichwa. Mungu akupe mkono usiotetemeka, akupe na Mama Paskalina wako, na kila ukumbi utakamosimama ujae watu wa kuruka.