Uwanja Uliolimwa kwa Upendo

Itangazwe kwa wakulima, wafanyakazi, wapangaji wa nyumba za reli na kuku wote wa wilaya ya Kilosa: katika mwaka huu wa 1975, wilaya yetu imemzaa rubani wa ndege za mizigo. Si utingo wa rubani. Si binamu wa mtu aliyewahi kupeana mkono na rubani. Rubani mwenyewe, Lupakisyo, mtoto wa marehemu fundi wa reli aliyetoka Rungwe, na wa mama Anastazia wa kijiji cha ujamaa cha Tupendane, upande wa Masanze.

Tangazo hilo lilisomwa na mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kornelio, akiwa amesimama juu ya kreti la soda ili taifa limwone vizuri. Lilikuwa na kasoro ndogo. Lupakisyo hakuwa rubani wa mizigo bado. Ilikuwa imebaki safari moja.

Mwenyewe hakuwa na wasiwasi. Wasiwasi aliuacha utotoni, kwenye shamba la mkonge, siku kindege cha mwenye shamba kilipotua na watoto wote wakakimbilia kumtazama Mzungu. Yeye alikwenda nyuma kuchungulia kilichobebwa. Aliona vipuri, jibini na godoro. Godoro lilimkaa kichwani. Abiria anatapika, anaogopa, anauliza tutafika lini. Godoro linalala tu. Tangu siku hiyo alijua atabeba nini.

Alipomaliza shule Morogoro alikwenda Dar es Salaam, akaanza ukuli uwanja wa ndege. Siku ya kwanza alimwambia msimamizi kwamba pale anapita tu. Makuli wenzake walicheka mpaka magunia yakawaponyoka, na kuanzia hapo hawakumwita jina jingine. "Rubani, shika kona hiyo ya gunia." "Rubani, umekanyaga vitunguu." Alishika, akakanyaga, na huku akijifunza: saruji ukiirundika nyuma, ndege inakaa kitako kama mbwa anayesubiri mfupa.

Serikali ilipotangaza nafasi za kusomea urubani kule Soroti, Uganda, alijitokeza. Wakubwa watatu waliovaa suti za Kichina za Chou En-lai walimuuliza kwa nini anataka kuruka.

"Mizigo nimeibeba kwa mgongo," alisema. "Sasa nataka ibebwe na injini, mimi nikae."

Hakuna aliyekuwa amewahi kusema kweli katika chumba kile, wakampa nafasi. Alirudi na leseni ya ndege ndogo na miwani myeusi ambayo hakuivua hata ndani ya nyumba, akawa anajigonga kwenye kabati. Kampuni moja ya mizigo ilimchukua kwa majaribio chini ya Kapteni Beda, mtu mnene asiyependa maneno. Majaribio yakiisha vizuri, kazi ni yake. Yakiharibika, anarudi kwenye magunia, na makuli walikuwa wameshamwekea nafasi.

Safari ya mwisho ilikuwa ya vifaranga. Kijiji cha Tupendane kilikuwa kimepewa mradi wa kuku, na vifaranga vilipaswa kushushwa kwenye uwanja wa zamani wa shamba la mkonge, ukingoni mwa kijiji. Kapteni Beda alikaa kiti cha kulia, mikono juu ya tumbo. Nyuma yao maboksi yalipiga kelele kama mkutano mkuu. Lupakisyo aliifuata reli kutoka Morogoro, akaona paa za Kilosa, akakata kona kuelekea Masanze akipiga mluzi.

Mluzi ulikatika. Uwanja ule aliujua ukiwa mweupe na mgumu, umekanyagwa na matrekta miaka nenda rudi. Sasa ulikuwa mweusi kutoka mwanzo hadi mwisho, wenye mistari. Pembeni kijiji kizima kilikuwa kimejipanga, ngoma mbele, kitenge chekundu cha mama yake kikipepea kuliko bendera.

"Wenyeji wako hao," alisema Kapteni.

"Ndiyo, Kapteni."

"Wamechinja?"

"Naona moshi."

"Tua basi."

Lupakisyo alipita juu mara moja, chini kabisa, akaangalia tena. "Situi. Pamelimwa."

"Mimi naona udongo mweusi tu."

"Mimi nimekulia hapa. Hilo ni jembe. Magurudumu yatazama, tupindukie pua."

"Unajua leo ni siku gani kwako? Na mama yako yuko pale chini."

"Namwona."

Akavuta usukani, akatikisa mabawa kuwaaga, akaelekeza pua Mikumi. Chini kule ngoma zilinyamaza moja moja.

Uwanja wa Mikumi, ndani ya mbuga, ulikuwa mgumu kama paji la uso la karani, ila pundamilia walikuwa wamefanya kikao katikati. Aliwapitia juu ya vichwa, kikao kikaahirishwa, akazunguka na kutua bila kifaranga hata kimoja kupinduka. Kapteni Beda alishuka, akajisaidia haja ndogo nyuma ya gurudumu, akarudi akifunga vifungo.

"Ile rangi niliiona kabla yako," alisema. "Nilitaka kujua utamsikiliza nani. Jumatatu njoo na shati safi, una kazi."

Lupakisyo alisema ahsante kama mtu aliyekuwa akilijua jambo hilo tangu enzi za godoro. Kisha akamwachia Kapteni ndege, akapakia maboksi kwenye lori la pamba lililokuwa likienda Kilosa. Barabara ilipita kijiji kiitwacho Ulaya, mahali pasipo na theluji wala jibini, na kila shimo lilifanya vifaranga vitoe maoni.

Jioni alifika Tupendane. Nyama ilikuwa imepoa. Hakuna aliyepiga ngoma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama Anastazia hakumtazama. "Umepita juu ya kichwa changu kama kunguru. Ukatikisa na mabawa."

"Nilikuwa nawaaga."

"Ulituaga kabla hujatusalimia?"

Watu waliguna. Lupakisyo aliuliza nani alitoa wazo la kulima uwanja. Ndipo mama alipomgeukia.

"Mimi. Tuliletewa habari kwamba uwanja uwe tayari. Nikasimama mkutanoni nikasema, ardhi ile imekauka kama kigae. Mwanangu anashuka kutoka huko juu, aje apigwe na kigae? Tukapiga jembe, wazee kwa vijana, ushuke kwenye kitu laini."

Lupakisyo, aliyekuwa na jibu kwa makuli, kwa wakubwa wenye suti na kwa Kapteni, alivua miwani. Aliutazama ule uwanja. Walikuwa wamelima vizuri kweli. Hata madongoa waliyavunja.

"Mama, ningetua ningekufa."

"Kwa udongo laini?"

"Kwa udongo laini."

Mama Anastazia aliugeukia uwanja. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, akajifunika kitenge usoni. Mwanamke wa pili alicheka, wa tatu, mpaka wapiga ngoma wakaketi chini. Mama alimvuta mwanawe shati, akamkalisha karibu na sahani. "Kazi umepata?"

"Nimepata."

"Kula."

Mzee Kornelio hakucheka. Alikuwa na hotuba ambayo haikuwa imesomwa. Akapanda kreti lake, akakohoa.

"Ndugu rubani," alisema, "wananchi wametoa jasho lao kwa umoja na bila kulazimishwa sana. Historia inatutazama. Wewe uliyetuona kutoka mawinguni, tunaomba neno la kuliongoza taifa: uwanja huu, matunda ya nguvu za umma, sasa tuufanye nini?"

Lupakisyo alimeza tonge.

"Pandeni mahindi."