Mama Bomba na kunguni wa chumba namba nane

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mama Bomba amepiga magoti uani mbele ya chupa tatu za kioo zilizowahi kuwa na jamu. Ndani ya kila chupa kuna mende mmoja. Vifuniko vimetobolewa kwa msumari, na kila chupa imebandikwa kipande cha plasta chenye neno moja: ZAMANI, MPYA, MAJI.

Mende wa ZAMANI amelala chali. Jana jioni alipuliziwa dawa ambayo muda wake uliisha miezi mitano iliyopita. Mende wa MPYA, aliyepuliziwa dawa ya chupa iliyofunguliwa jana hiyo hiyo, anapunga sharubu kama mtu anayemwita jirani. Mende wa MAJI hakupuliziwa chochote ila maji ya kunywa. Naye amekufa.

"Huyu kafa na nini sasa?" anauliza Mama Bomba, akiinua chupa hadi usawa wa macho. "Maji? Woga?"

Wifi yake, dada wa mume wake, anafagia upande wa pili wa ua. Hainui kichwa.

"Kafa kwa aibu. Wenzake wanaishi majikoni kwa watu, yeye kaletwa hapa kufugwa. Watu wanafuga kuku, wifi yangu anafuga mende."

"Kuku hawajawahi kunipa kazi."

"Na hao wamekupa? Mbona unawakodolea macho kama unasubiri wakulipe?"

Mama Bomba anacheka kidogo, kisha anarudi kwenye chupa zake. Kicheko hakikai.

Jina hilo amepewa na majirani kwa sababu ya bomba la kupulizia dawa, la lita kumi na sita, ambalo hulibeba mgongoni akienda kuua mende na kunguni majumbani kwa watu. Ana umri wa miaka hamsini na mmoja. Kazi hii ameifanya kwa miaka kumi na moja.

Kabla ya hapo alikuwa mfagizi katika nyumba ya wageni. Kila mpuliza dawa alipofika, yeye ndiye aliyefungua vyumba na kukunja mashuka. Akajifunza kwa macho. Kifua cha mpuliza dawa huyo, mzee tayari, kilipoanza kumsumbua, alimuuzia bomba lake.

"Alinipa na usia," anasema. "Maneno mawili tu. Usipulize bila kufunika pua, na usimwage hata tone. Dawa ni ghali, mwanangu, usimwage hata tone. Nimeyashika yote mawili."

Wiki ikiwa nzuri hupuliza nyumba nane. Ikiwa mbaya, mbili. Mume wake aliteguka nyonga miaka minne iliyopita na hafanyi tena kazi ya kubeba mizigo, kwa hiyo nyumba inategemea mgongo mmoja, ule unaobeba bomba.

Ndiyo maana bweni la wanafunzi wa uuguzi linamnyima usingizi. Lina vyumba thelathini na viwili, vyote vina kunguni. Malipo yake ni sawa na anachopata kwa miezi mitatu. Mlezi wa bweni, mwanamke asiyependa maneno mengi, alimpa vyumba viwili vya majaribio: cha saba na cha nane. Vikitulia, kazi yote ni yake.

Chumba cha saba alikipuliza siku ya Alhamisi. Cha nane alikuta kimefungwa, wanafunzi wa humo wamesafiri na ufunguo, akakipuliza Jumatatu. Siku tisa baadaye mlezi alimpigia simu. Cha saba kimya. Cha nane watoto wa watu wanaamka na mistari ya kuumwa mikononi.

"Niambie wewe," anasema Mama Bomba. "Dawa ile ile. Chupa ile ile. Bomba lile lile na mkono huu huu. Vyumba vimetenganishwa na ukuta mmoja. Kunguni wa cha nane wamesoma wapi?"

Kwanza aliwalaumu wanafunzi, kwamba wameleta mizigo yenye wadudu. Mlezi akamjibu kwamba wanafunzi wale walirudi na mikoba ya begani tu. Akalaumu godoro. Godoro likakaguliwa, ni jipya. Ndipo alipotazama tarehe chini ya chupa, akaona muda umepita, na moyo ukamshuka. Stoo yake, ambayo ni kona ya chumba chenye bati lisilo na dari, ina chupa nyingine sita za tarehe hiyo hiyo.

Lakini kama dawa imekufa, mbona imeua chumba cha saba? Na mbona imeua mende?

Saa nne asubuhi yuko kwenye duka la pembejeo, chupa ya zamani mkononi. Muuza dawa, kijana mwenye miwani, anaigeuza geuza.

"Mama, tarehe ni ya mtu aliyeitunza vizuri," anasema. "Ikiwa imezibwa, mahali pakavu penye ubaridi, pasipo jua, inaweza kufika tarehe hiyo na hata kupita kidogo. Ikikaa kwenye joto, inaweza kuchoka mapema. Wewe unaitunza wapi?"

"Chini ya bati."

"Basi siwezi kukwambia kitu."

"Mende amekufa, lakini."

"Wa dawa ya zamani?"

"Na wa maji."

Kijana anavua miwani. "Wa maji naye? Hiyo chupa uliiosha?"

Mama Bomba anafikiri. Wiki iliyopita alipimia dawa ndani yake. Aliisuuza. Anadhani aliisuuza.

"Na yule wa dawa mpya aliyepona?" anauliza.

"Huyo sijui, mama. Labda alijificha chini ya kifuniko. Mende mmoja si ushahidi." Anamwonea huruma. "Kwa usalama wako, zile zilizopita muda usizitumie kwa kazi ya watu. Usizimwage mtaroni pia. Niletee, zipo siku gari la halmashauri linakuja kukusanya."

Anarudi nyumbani amechanganyikiwa kuliko alivyoondoka. Sasa ana mashaka na chupa, bati, mende, kifuniko, na mikono yake mwenyewe.

Wifi amefika na ufagio hadi kona ya stoo. Anasukuma bomba kwa mguu ili apate njia.

"Leo jepesi," anasema. "Jumapili ile nililihamisha nikadhani umeficha mawe."

"Jumapili gani?"

"Ile kabla hujaenda kumalizia bwenini. Lilikuwa zito, na linanuka. Nikasema, huyu mke wa kaka yangu atatuua sisi kabla ya kunguni."

"Ilikuwa dawa iliyobaki ya chumba cha saba," anasema Mama Bomba. "Nilitia maji Alhamisi, nikabakiza nusu. Sasa ningeimwaga?"

Halafu anatazama bomba.

Anachukua chupa ya dawa na kumkabidhi wifi yake. Maandishi ya ubavuni ni madogo kama mayai ya chawa, na miwani ya kusomea Mama Bomba hana. Miaka yote jicho lake limekuwa likienda kwenye tarehe tu, kwa sababu tarehe imeandikwa kwa herufi kubwa. Wifi anamulika kwa tochi ya simu, anasoma polepole, anaruka sehemu ya kuosha mikono, anafika.

"'Ikishachanganywa na maji, itumike siku hiyo hiyo.'" Anasoma mara ya pili, safari hii bila utani. "Wifi. Siku hiyo hiyo."

Simu kwa muuza dawa inachukua dakika moja. Ndiyo, anasema. Ndani ya chupa iliyozibwa dawa huhesabiwa miaka. Ikishakutana na maji huanza kuvunjika, nyingine hutuama chini, na kinachotoka kwenye bomba siku nne baadaye kinaweza kuwa maji yenye harufu.

"Kwa hiyo haikuwa tarehe?" Mama Bomba anauliza.

"Inaweza kuwa tarehe pia. Na joto. Lakini mimi ningeanza na hilo la bomba."

Anakata simu. Anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono mapajani. Wifi anamletea maji ya kunywa na kusimama karibu yake.

Mchana huo Mama Bomba anakwenda bwenini bila bomba. Mlezi anampokea kwenye meza, ubao wa funguo za vyumba ukining'inia nyuma yake.

"Kwa hiyo dawa ilikuwa mbovu," mlezi anasema.

Ingekuwa rahisi kuitikia. Chupa ina tarehe iliyopita, na muuza dawa angemtetea. Mama Bomba anatazama sakafu.

"Sijui kama ilikuwa mbovu, dada. Ninachojua, chumba cha nane niliwapulizia kiporo. Niliichanganya Alhamisi, nikaitumia Jumatatu. Kosa ni langu."

Mlezi anagonga meza kwa kidole mara kadhaa.

"Utarudia cha nane Jumamosi. Bure. Chupa mpya, uifungue mbele yangu, uchanganye mbele yangu. Kitakachobaki hakirudi tena kwenye kazi. Wiki tatu zikipita kimya, tutazungumza habari ya vyumba vingine."

"Asante sana."

"Ngoja." Mlezi anamwangalia. "Umefanya kazi hii miaka mingapi?"

"Kumi na moja."

"Na mabaki yote hayo ulikuwa unayapeleka wapi?"

Mama Bomba anageuza macho kwenye funguo za ubaoni. Mabaki yalikwenda kwa mteja wa kesho yake, au wa keshokutwa. Wengine walimpigia simu kulalamika, na yeye aliwajibu kama alivyomsikia yule mzee akiwajibu wateja wake: fueni mashuka, anikeni vitanda, ongezeni usafi.

Nje ya lango anasimama kwenye kivuli cha ukuta, na hapo anamtaja mmoja wao, mshona nguo wa mtaa wa pili. Mwaka juzi alimpulizia mara mbili, na mara mbili kunguni wakarudi. Mara ya tatu Mama Bomba alimwambia tatizo ni godoro lake. Mama wa watu akalichoma moto, akalala na wanawe sakafuni miezi miwili hadi alipopata jingine.

"Tukikutana njiani huwa ananisalimia vizuri tu," anasema. "Hata nguo hii ameishona yeye."

Amekwishapanga. Jumamosi ni bweni. Jumapili, kabla mshona nguo hajafungua cherehani, atafika kwake na chupa mpya ambayo haijafunguliwa, na hatamtoza kitu. Baada yake kuna wengine anaowakumbuka, na wengine hawakumbuki, na hilo hajui atalifanyaje.

Kinachomshinda zaidi ni maneno. Tangu atoke kwa mlezi ameyapanga na kuyapangua.

"Sijui nitaanzaje kumwambia habari ya godoro lake," anasema. "Labda nitaanza na hodi. Akishanikaribisha, nitamwambia kabla sijakaa."