Binti wa Mchuuzi wa Chumvi

Nilisikia kikohozi kwanza, kisha hodi ndefu yenye lafudhi ya Kirundi. Ndipo bibi wa mchumba akaingia sebuleni kwetu Ujiji, amenyooka kama mtu aliyekuja kuchukua kilicho chake.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Yeye na mjukuu wake walikuwa wamepanga chumba Mwanga, Kigoma mjini, na mjukuu alitaka kumwoa mama yangu mdogo. Kikwazo kilikuwa mwanamke mmoja aliyekufa zamani, bibi aliyemzaa baba wa marehemu babu yangu, aliyetoka Burundi kuolewa Ujiji wakati reli haijafika Kigoma. Kama baba yake alikuwa wa ukoo wa mchumba, vijana ni ndugu, na posa irudi ilikotoka.

Bibi yangu alilijua jina la baba huyo. Lakini kwetu, kama kwa Warundi, mke hatamki majina ya wakwe zake wala ya wazee wao, na wenye ruhusa walikwisha kufa wote. Mgeni naye alifungwa na mwiko huohuo kwa ukoo alikoolewa, ndio huo wa mchumba.

"Mkwe wangu," alianza mgeni.

"Usiniite mkwe mapema," bibi akamkata. "Huenda siku ya posa ulikula bure samaki wangu, ile migebuka."

Chini ya pazia la chumbani niliona vidole vya miguu vya mama mdogo, vimekunjamana kwa wasiwasi.

Bibi akamzunguka baba huyo kwa maneno, bila jina. Akasimulia habari za mtu aliyeshuka kutoka Burundi kila kiangazi kununua chumvi Uvinza, mwenye jicho moja, na mbwa wawili waliovishwa njuga.

Mgeni akajipiga paja. Alisema sifa za mtu huyo alizisikia kwao utotoni, kabla ya kuolewa. Kisha akalitamka jina, zima, waziwazi, kama anayeita mbuzi.

Bibi aliziba masikio kwa heshima ya mwenye jina, marehemu mkwe wake. Halafu mikono ikashuka taratibu.

"Umelitaja."

"Nimelitaja, kwani..." Mgeni naye akaelewa. Kama mtu yule angekuwa wa ukoo wa mumewe, ulimi wake usingethubutu.

"Sasa niite mkwe," bibi akasema.

Kigelegele kilitoka nyuma ya pazia, kikakatika kwa aibu. Mgeni alikataa hata chai. Mjukuu wake, alisema, hajala tangu jana akingoja jibu. Akajitanda kitenge, akatoka mbiombio, na bibi akafunga mlango nyuma yake.