Miguu ya Mbele

Madukani wanaziita shokapu za mbele. Sisi wa Igurwa, na upande wote huu wa Karagwe nilikopita na spana zangu, tunaziita miguu. Pikipiki ina miguu miwili ya mbele, ndiyo inayoshika tairi na kupokea mashimo yote ya barabara kabla hayajafika mikononi mwako. Ikipinda, usukani unavuta upande mmoja, na hata ukienda taratibu unajiona unabishana na mtu.

Yangu ilipinda msimu wa mvua, nilipomkwepa ndama aliyesimama katikati ya barabara akinitazama bila haraka yoyote. Ndama akaenda zake, mimi nikaingia mtaroni na pikipiki yangu. Mwili haukuumia sana, lakini miguu ya pikipiki ilirudi nyuma mpaka tairi likagusa injini. Nikaikokota hadi gereji, nikaiegemeza ukutani, na hapo ikakaa. Fundi asiye na usafiri anataniwa na kila mtu. "Fundi, leo unatembea? Daktari anaumwa?" Nilikuwa nacheka nao, lakini sikupenda.

Umri wangu ni wa kuwa na wajukuu, lakini nina mtoto mmoja tu, binti, na hakai nami. Mama yake alipofariki, shemeji yangu, dada mkubwa wa marehemu, alimchukua akakae naye kwa muda, upande wa Kyerwa. "Kwa muda" ni maneno ya msibani, hakuna anayeuliza ni muda gani. Mtoto akaanza shule huko, akapata marafiki huko, akarefuka huko. Mimi nikabaki na gereji na nyumba. Kuna siku nafunga mlango jioni na kugundua kwamba sijatamka neno tangu mteja wa mwisho aondoke. Nasema wazi kwamba ni upweke, na wanaosema mtu huuzoea ni watu wenye nyumba zilizojaa.

Pikipiki ilipoharibika nikawa namtembelea kwa bodaboda. Dereva anabaki pale njia ya shambani inapoishia, mguu mmoja chini, na nikikawia anapiga honi. Halafu wiki ya kipaimara chake ikafika, na binti akanipigia kwa simu ya mama yake mkubwa.

"Baba, Jumapili usije na bodaboda."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Kila ukija kuna mtu anakusubiri."

Hakulalamika. Alisema hivyo tu, kisha akaniaga vizuri. Nilibaki na simu sikioni hata baada ya kukatika. Kabla hajaaga nilikuwa nimemwahidi kwamba nitakuja na pikipiki yangu mwenyewe, na kuanzia hapo nilikuwa na kazi moja tu duniani, kupata miguu.

Si kazi ndogo. Pikipiki yangu ni ya Kijapani, ya zamani, ndefu, aina waliyokuwa wakipewa watu wa miradi na wainjilisti. Madukani siku hizi zimejaa za Kichina na za Kihindi, na miguu yake ukiitazama kwa mbali utaapa ni ileile. Watu wengi huapa hivyo wakiwa wameshainunua. Cha kutazama kwanza si urefu wala mng'aro, ni unene wa bomba pale juu linapobanwa chini ya usukani. Kisha unatazama unene wa ekseli, kile chuma kinachopita katikati ya tairi, halafu ni mguu upi wenye kishikio cha kuzuia sahani ya breki isizunguke, wa kulia au wa kushoto. Usipotazama hilo utafunga kila kitu vizuri, na siku utakayobana breki ya mbele ndipo utajua.

Kuna vipimo vya chuma vya kazi hiyo. Mimi natumia ganda la mgomba lililokauka. Unachana utepe mwembamba, unauzungusha kwenye bomba mpaka ncha zikutane, unaukata hapo hapo. Kamba ya nailoni inavutika na inakudanganya, lakini ganda kavu halina mchezo huo. Unauweka mfukoni, unakwenda nao popote, na bomba la mwenzako ama linalingana na utepe wako ama halilingani.

Nyakasimbi kulikuwa na pikipiki ya Kihindi iliyopata ajali kwa nyuma, miguu yake ya mbele mizima kabisa. Nikaenda. Nikazungusha utepe, ncha zikapandana. Bomba lilikuwa jembamba kwa kiasi cha njiti ya kiberiti. Wapo mafundi wanaokata kopo la soda, wanalizungusha kwenye bomba ili lijae, wanakaza bolti na kumkabidhi mteja. Inashika vizuri mpaka siku ya breki kali, ndipo bomba linapozunguka ndani ya kopo na usukani unabaki kulia wakati tairi limekwenda kushoto. Nilishawishika, sitadanganya. Nilisimama pale na kopo mkononi. Kisha nikalitupa, nikarudi nyumbani nikiwa na hasira na Wahindi, na Wajapani, na ndama yule.

Ndipo nikamkumbuka mzee mmoja mfugaji, kule nyikani upande wa Kyerwa, ambaye niliwahi kumtengenezea pampu ya maji ya ng'ombe. Kwake niliona pikipiki ya Kijapani ikiwa imeegemezwa kwenye zizi la ndama. Haikuwa toleo kama langu, lakini ilikuwa ya kiwanda kilekile. Nikampigia. Upepo ulikuwa mwingi upande wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Fundi wa Igurwa. Mzee, nina shida ya miguu ya mbele, na najua wewe unayo."

"Amaguru?" akauliza, akiitaja miguu kwa lugha yetu ya nyumbani.

"Ndiyo, mzee, amaguru. Ya mbele. Yote mawili."

"Una shughuli?"

"Binti yangu anapata kipaimara Jumapili."

"Bwana asifiwe! Hilo ni jambo kubwa. Kesho utaletewa."

Nikamsihi ayafunge vizuri kwenye gunia yasikwaruzike njiani. Akacheka. "Yakwaruzike na nini, fundi?" Nikadhani mzee amefurahi tu.

Ijumaa mchana bodaboda ikasimama mbele ya gereji na gunia limefungwa nyuma kwa mpira. Nilipolipokea nilihisi uzito, nikaridhika. Chini lilikuwa limeloa, nikaridhika zaidi: hiyo ni oili, nikajiambia, maana yake sili zinazozuia oili zimechoka lakini mabomba hayajashika kutu. Nikalilaza juu ya meza, nikachukua kisu, nikakata kamba. Kwato zikatokeza.

Miguu miwili ya mbele ya dume la ng'ombe, kuanzia begani hadi ukwatoni, imekatwa vizuri, safi, kazi ya mtu anayeheshimu sherehe ya mwenzake. Sikucheka. Ningekuwa na mtu wa kucheka naye ningecheka. Nilikaa kwenye tairi bovu nikaiangalia ile nyama, na nilichofikiri ni kwamba Jumapili nitakwenda tena na bodaboda.

Nilimpigia mzee, nikamweleza. Alicheka mpaka akakohoa.

"Pikipiki! Wee fundi, mtu anasema ana kipaimara anataka amaguru, mimi nifikirie pikipiki?"

"Nisamehe, mzee. Nyama niirudishe?"

"Zawadi ya mtoto hairudi kwangu. Na hivyo vyuma njoo uving'oe mwenyewe, mimi sijui vinaanzia wapi."

Jirani yangu, mama mmoja ambaye mashamba yetu ya migomba yamepakana, alipita akaona nyama mezani kati ya spana. "Fundi, una wageni?" Nikamwambia sina. Akatazama nyama, akanitazama mimi, akaacha kuuliza. Mguu mmoja nikamkabidhi agawe kwa majirani. Mwingine nikaukatakata, nikauchemsha kwa chumvi, nikaukausha juu ya moto kwa ajili ya Jumapili, maana mtu mmoja hawezi kula mguu wa dume, hata akiwa na hasira.

Jumamosi asubuhi nikaenda nyikani na bodaboda ileile. Mzee alinipa maziwa kwanza, ndipo akanipeleka zizini. Kiti cha pikipiki kilikuwa kimeliwa na ndama, tangi limeota kutu, lakini miguu ya mbele ilikuwa imenyooka. Nikatoa utepe wangu mfukoni, nikauzungusha kwenye bomba. Ncha zikakutana bila kupandana wala kuachana. Nadhani niliguna kwa sauti, maana mzee aliinama kutazama.

Si kwamba kila kitu kilikubali. Bomba lilikuwa refu kuliko langu kwa kiganja kizima, hilo si tatizo, ziada unaipitisha juu ya kibanio. Ekseli ilikuwa nene, isingeingia kwenye tairi langu, kwa hiyo nikachukua na tairi lake na sahani yake ya breki, mguu na kishikio chake vyote pamoja, visitenganishwe. Mzee alishika fremu wakati nalegeza bolti.

"Hii ilikuwa ya mwanangu," akasema. "Alikwenda mjini."

Nikasimamisha spana. "Akirudi je, mzee?"

"Akirudi atakuja na yake."

Alisema hivyo akiwa ametazama ng'ombe. Nilitaka kumwambia kwamba namwelewa, nikaona ni aibu kwa mtu niliyekuja kuchukua miguu. Nikaendelea kufungua. Pikipiki ilipobaki bila miguu, mzee mwenyewe aliilaza chini taratibu, akaifunika na gunia.

Mchana ule niliifunga kwangu. Ilibidi nizungushe vishikio vya usukani ili mabomba yaliyochomoza yasiugonge, na mshale wa spidi ulibaki umelala kwa sababu waya wake haukufika. Haidhuru, sikuwa na haja ya kujua mwendo wangu. Niliijaribu mpaka barabara kuu na kurudi, nikabana breki ya mbele kwa nguvu kwenye mteremko. Ilisimama imenyooka. Nilifurahi peke yangu, na furaha ya peke yako haidumu, unaitafutia mahali pa kuiweka unakosa.

Jumapili nilifika mapema, nyama imefungwa nyuma. Nikaiegemeza pikipiki pale uani kabisa, si njiani. Binti aliiona akiwa amevaa gauni jeupe, akatabasamu, akawafuata wenzake waliokuwa wanakwenda kujipanga kanisani. Ibada ikaisha, picha zikapigwa, tukala. Shemeji aliuliza nyama nzuri hivyo nimeitoa wapi, nikaeleza kisa cha amaguru, na watu wakacheka mpaka binti yangu akaziba uso kwa kiganja. Nilijiona mtu mwenye familia.

Baadaye wageni walipungua, mimi na yeye tukaachwa kwenye benchi chini ya upenu.

"Shule inaendaje?"

"Vizuri, baba."

"Na mama mkubwa, mnaelewana?"

"Tunaelewana."

"Afya?"

"Nzuri."

Maswali yakaisha. Nilitafuta jingine sikulipata. Yeye alikuwa anakunjakunja pindo la gauni. Kwa kawaida hapo ndipo honi hulia. Muda wote ule nilikuwa namlaumu dereva wa bodaboda kwamba ananikatiza na mwanangu, na siku hiyo, kwenye benchi lile, nilimtamani. Nilitamani apige honi.

Haikulia. Nikasimama mwenyewe, nikachukua kofia yangu.

"Basi, mwanangu, ngoja nisogee. Barabara yenyewe unaijua."

Jua lilikuwa bado juu na barabara ilikuwa kavu. Naye akasimama, akapiga goti kidogo kwa adabu aliyofunzwa vizuri na shemeji yangu.

"Haya, baba. Asante kwa kuja."

Hilo neno lilinichoma. Anayeshukuriwa kwa kuja ni mgeni. Nilisimama na kofia mkononi nikimtazama huyu binti mrefu, na nikaona kwamba hakushangaa hata kidogo kwamba naondoka.

Nikaitundika kofia kwenye usukani, nikarudi, nikakaa. Alibaki amesimama, labda akidhani nimesahau kitu. Kisha akakaa naye, upande ule wa mwisho wa benchi. Shemeji alikusanya sahani, kuku wakaja kuokota chini ya meza, mtu akazima muziki. Sikuwa na la kusema na sikuondoka. Ilikuwa kazi ngumu kuliko ya kufunga miguu.

Kivuli cha nyumba kilipofika katikati ya ua, akauliza bila kunitazama:

"Baba, kule nyumbani unakulaga na nani?"

"Peke yangu."

Akasogea kidogo kwenye benchi, akaniuliza huwa napika nini.