Mtoto wa Nyuma ya Pazia

Juzi binti yangu alikuwa akitazama katuni kwenye simu, na mtoto wa katuni akacheka kwa sauti ya mama yangu. Mama tulishamzika.

Zamani, vita viliponyamaza kidogo katika mji wetu wa Bunia, Mama aliigiza sauti ya mtoto katika mchezo wa redio, na baadaye katika katuni. Alasiri moja mwanamke aliyekimbia vita huko Djugu akaingia kwetu, nguo zikinuka moshi na mvua.

"Ule mutoto anasemaka mu radio ni wangu," alisema. "Muniitie yeye."

Mama hakubishana. Aliingia chumbani, akashusha pazia la kitenge.

"Mama, niko hapa," sauti ndogo ikasema.

"Ulikula?"

"Nilisha kula, mama. Usilie."

Nilikasirika. Niliamini tulikuwa na mtoto aliyefichwa, anayelishwa mboga yangu ya pondu. Nikakimbilia pazia, lakini yule mwanamke akanishika mkono kwa nguvu.

"Acha, mutoto yangu. Usifungue."

Baadaye nilipojua ilikuwa sauti ya Mama, miaka yote nilidhani yule mwanamke alidanganywa. Juzi nilifunika kioo cha simu kwa kiganja, nikanong'ona, "Mama, ulikula?" Binti yangu akavuta vidole vyangu aone katuni yake.

"Acha," nikamwambia. "Usifungue."